Namna ya Kupatana na Albamu Mpya ya Mwimbaji Umpendaye

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekesha akisubiri albamu itoke saa sita usiku, akasikiliza nyimbo tatu na nusu, akazima simu, akalala amenuna. Asubuhi wenzake kazini wanamuuliza, "Vipi, umeisikia ya jamaa yako?" Anajibu, "Amechuja," kisha anaomba mazungumzo yahamie kwenye mpira. Mtu huyo asichekwe. Aliyenuna ndiye aliyependa. Asiyejali alikuwa usingizini tangu saa nne, na asubuhi hana la kusema.

Nitatumia mfano tunaoujua vizuri sisi wanazi wa bolingo. Mwezi Julai 2017 Fally Ipupa alitoa albamu ya Tokooos. Shabiki aliyemfuata tangu akiwa Quartier Latin ya Koffi Olomide, akanogewa na Droit Chemin ya 2006, akazidishwa na Arsenal de belles mélodies ya 2009, akamalizwa kabisa na Power ya 2013, alijua vizuri anachosubiri. Anasubiri wimbo uanze taratibu, sauti laini itangulie, gitaa la solo liinyemelee kwa nyuma. Halafu, dakika ya nne au ya tano, mdundo ugeuke, atalaku aanze kuita, gitaa lichachamae na watu waache viti. Kinshasa wanaiita seben. Wanamuziki wa dansi wa Dar es Salaam wamezoea kuiita chemko.

Tokooos ilitoka chini ya Elektra ya Ufaransa, nayo haikuja na mpangilio huo. Nyimbo nyingi zilikuwa fupi, za midundo ya vijana wa Paris. Booba alikuwemo, Aya Nakamura alikuwemo, R. Kelly naye alikuwemo. Shabiki alifika mwisho wa wimbo akidhani yuko katikati. Akasubiri chemko, ukaanza wimbo mwingine.

Kama yamekupata haya, kwa Fally au kwa mwimbaji mwingine yeyote umpendaye, fuata maelekezo. Yote nayasema kwa dhati.

Usiku wa kwanza

Usitoe hukumu. Hilo ndilo agizo gumu kuliko yote, na lina sababu yake ya kihistoria.

Zamani wimbo haukutufikia hivi. Chukua bendi za Dar: Msondo, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, au Mlimani Park iliyozaliwa mwaka 1978 na ikatuletea Sikinde. Wimbo mpya ulianzia ukumbini. Bendi iliupiga mwisho wa wiki, watu wakaucheza bila kuujua, wiki iliyofuata wakaukuta tena, na kiitikio kikaanza kuwakaa mdomoni. Baadaye maneno yalipelekwa Radio Tanzania Dar es Salaam yakapitiwa, bendi ikaingia studio ya redio kurekodi, ndipo wimbo ukaanza kusikika hewani, katika Klabu Raha Leo na vipindi vingine. Ulipofika kwenye redio ya jikoni kwenu, nusu ya mji ilikuwa imeshauzoea. Nyimbo zilikuja mmoja mmoja, na kila mmoja ulipewa muda wake wa kukaa na watu.

Leo albamu inafika nzima, dakika ileile, kwenye simu iliyobaki na chaji asilimia kumi. Ni wageni kumi na watano wanaobisha hodi usiku wa manane kwa pamoja, nawe unajilazimisha uwapende wote kabla hata hawajapata pa kukaa. Kazi ya kuzoeana, iliyokuwa ikifanywa na ukumbi na redio, imeachwa mikononi mwa msikilizaji peke yake, na wengi hatujajua kwamba tumekabidhiwa. Ndiyo maana tunalala tumenuna.

Kwa hiyo usiku wa kwanza sikiliza mara moja tu, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa mpangilio wake. Zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo. Kuna mtu alikaa akaamua wimbo wa nne ufuate wa tatu, naye alikuwa na sababu. Usiruke wimbo. Ukikukera, uache ukukere mpaka uishe. Usimpigie rafiki yako anayempenda mwimbaji wa upande wa pili, maana usiku huo yeye ndiye mwenye furaha kuliko wote mjini. Ukimaliza, lala.

Andika mashtaka

Kukicha chukua karatasi uandike malalamiko yako. "Amechuja" haipokelewi, kwa sababu haichunguziki. "Hakuna chemko" inapokelewa. "Kifaransa kimezidi" inapokelewa. "Kwa nini kawaleta hawa wageni?" nayo inapokelewa. Ukishaandika, yapitie moja moja kwa haki, kama vile anayeshtakiwa ni wewe.

Tuanze na lugha. Wasikilizaji wa Kigoma, Mwanza, Dar na Mombasa tumeimba Kilingala miaka na miaka bila kukijua. Tumekiitikia kwenye harusi, tumekililia kwenye mabasi ya usiku, tumewapa watoto wetu majina ya kutoka humo. Ukimuuliza mtu maana ya beti nzima anabaki na motema na bolingo, basi. Wenzetu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi wana nafuu, kwa kuwa wengi wao wanasikia Kilingala pamoja na Kiswahili cha nyumbani, na wengine wamesoma kwa Kifaransa. Lakini kwa wengi wetu Kifaransa hatukielewi, na Kilingala pia hatukielewi. Kwa nini basi kimoja kinatuingia moyoni na kingine kinatuudhi? Kilingala masikio yetu yamekizoea tangu utotoni. Lalamiko la lugha, likichunguzwa, linageuka kuwa ushahidi kwamba mazoea yanaweza kutupendezesha jambo tusilolielewa hata kidogo. Kama yaliweza mara ya kwanza, yataweza na mara ya pili.

Wageni je? Hili ni jepesi zaidi. Kwenye Arsenal ya 2009, ile ile tunayoililia, mwimbaji wa Marekani Olivia yumo ndani ya "Chaise électrique". Tuliupokea wimbo ule, tukauzoea, na leo tunauhesabu miongoni mwa mambo ya zamani yaliyokuwa mazuri. Aliyesema mwaka 2017 kwamba Fally ameanza kubadilika alikuwa amechelewa miaka minane.

Linabaki la chemko, na hapa mlalamikaji ana haki yake. Sitamwomba mtu aifute sentensi hiyo. Ziko nyimbo ndani ya Tokooos zinazokatika pale hasa zilipopaswa kuanza, na nasema hivyo hata sasa ninapoipenda albamu. Lakini kabla hujafunga faili, sikiliza tena "Eloko Oyo". Wimbo huu umejengwa juu ya ngoma ya asili ya Wamongo wa Kongo, na ukiusubiri uchemke utapitwa, kwa sababu umeshachemka tangu mwanzo. Hakuna utangulizi wa taratibu wala maombolezo ya mapenzi ya dakika nne. Ni wito, kiitikio na mdundo unaosukuma mpaka mwisho. Tulikuwa tukiisubiri chemko mlango wa nyuma, kumbe imeingilia mbele. Ukiligundua hilo kwenye wimbo mmoja, unaanza kuzitazama nyingine kwa jicho jingine, na swali linabadilika. Ulikuwa unauliza, "Kile nilichokizoea kiko wapi?" Sasa unauliza, "Amekipeleka wapi?" Swali la pili lina majibu.

Kurudia kwa kipimo

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alichapisha majaribio yaliyopata sifa duniani. Aliwaonyesha watu vitu wasivyovijua: maneno yasiyo na maana, alama zilizofanana na maandishi ya Kichina, picha za sura za watu wageni. Vingine waliviona mara moja, vingine mara nyingi, hadi mara 25. Walipoulizwa, walivipenda zaidi vile walivyoviona mara nyingi. Hawakuelezwa lolote jipya kuvihusu. Kule kuonana tu kulitosha.

Mwenye kununa atadhani dawa imepatikana: airudie albamu usiku kucha mpaka aipende. Hapana. Dawa hii ina masharti mawili. La kwanza, inafanya kazi kwa kitu kigeni au kitu cha kawaida kwako, haifanyi kazi kwa kitu ulichokichukia kikweli. Ukikichukia, kila marudio yanakaza chuki. Hivyo jiulize kwa uaminifu kama umeichukia albamu au umesikitika tu. Ni mambo mawili tofauti kabisa. Anayechukia anaweza kukueleza anachokichukia, tena kwa urefu. Aliyesikitika anazungumzia albamu iliyopita. Ukimsikia mtu dakika kumi nzima anaisifu Droit Chemin, ujue ana huzuni, na huzuni inatibika.

Sharti la pili: marudio yakizidi, kukinai kunaingia. Kila mmoja wetu ana wimbo alioupenda mpaka redio ikamchosha nao. Usiirudie albamu mfululizo. Iache siku mbili, kisha isikilize ukiwa na kazi nyingine mkononi: unapiga pasi, unachambua mchele, umekaa kiti cha dirishani kwenye daladala na foleni ya Ubungo haisogei. Sikio lisilokodolewa macho hupokea vizuri zaidi.

Mahali bora kuliko pote ni kwa kinyozi. Umekaa, kitambaa kimebanwa shingoni, mikono yako iko ndani yake, mashine inanguruma karibu na sikio. Spika yake ndogo iko juu ya kabati la mafuta na pamba, na huwezi kunyoosha mkono kubadilisha chochote. Wimbo unaanza. Ni ule unaouruka kila mara. Kwenye benchi kijana anayesubiri zamu anaanza kutikisa mguu.

"Kaka, huu wa nani?" anauliza.

"Fally huyo," kinyozi anajibu bila kugeuka. "Jina silijui, mdogo wangu, ila mtamu."

Unajikuta umesema, "Unaitwa 'Jeudi soir'."

Ukishafika hapo, mapatano yameanza. Mtu hatetei jina la wimbo asioutaka. Rudi nyumbani usikilize tena kwa utulivu, usikie sauti ile ilivyolegea na kujiamini, isiyokimbizwa na atalaku wala kusubiriwa na wachezaji. Siku zote tulikuwa tukiipita sauti hiyo haraka haraka ili tufike kwenye gitaa.

Waulize waliotangulia

Mashabiki wa rumba si mara ya kwanza kupatwa na mshtuko huu. Mwaka 1995 Papa Wemba alitoa Emotion chini ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel wa Uingereza. Prodyuza alikuwa Stephen Hague, mtu aliyetengeneza nyimbo za Pet Shop Boys na New Order. Mfikirie mnazi wa Viva la Musica, bendi ambayo Wemba aliiunda mwaka 1977 na ikawalea waimbaji chungu nzima wa Kinshasa. Anaweka kaseti. Anakuta nyimbo fupi zilizonyooka, vinanda vya kisasa, hata wimbo wa Otis Redding umo. Magitaa yaliyokuwa yakibishana kwa dakika nane hayapo, au yapo kwa mbali kama watu wa heshima waliokaa kimya. Nadhani kaseti hiyo ilirudishwa kwenye kasha lake mara nyingi mwaka ule.

Wemba mwenyewe alijua anachofanya. Alikuwa na bendi mbili kwa wakati mmoja: Viva la Musica kwa watu wa nyumbani waliotaka kucheza mpaka alfajiri, na Molokai kwa majukwaa ya Ulaya na kwingineko. Hakuwa amemwacha mtu. Alikuwa amegawa kazi. Shabiki aliyelifahamu hilo hakuwa na haja ya kuidai Emotion ifanye kazi ya Viva.

Na ndani ya Emotion kuna "Awa Y'Okeyi". Ukitaka kuelewa kwa nini ninaandika mwongozo huu, anza na huo. Ni wimbo wa mtu aliyeachwa, na muziki umepunguzwa mpaka sauti ya Wemba imebaki na nafasi yote. Sauti hiyo, nyembamba, ya juu, yenye mkwaruzo kidogo inapofika kileleni, ilikuwepo tangu siku za Zaiko Langa Langa. Lakini kwenye nyimbo za dansi ilikuwa ikigombea nafasi na magitaa matatu, ngoma na watu wanne wa kuitikia. Hapa haigombei na mtu. Ninaiweka juu kuliko karibu kila alichorekodi na Viva, na najua wapo wazee wa Matonge, Kinshasa, watakaokasirika kusikia hivyo. Wemba alifariki Aprili 24, 2016 akiwa jukwaani Abidjan, na wimbo ninaoutaka kwanza nikimkumbuka unatoka kwenye albamu ambayo wengi tungeirudisha dukani.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, akaja Dar mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Matimila mpaka akawa mtu wa jiji hili kiasi kwamba kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy. Aliyempenda kwa Kiswahili chake, kile cha kumsemea maskini bila kupamba, alikutana na Mambo ya mwaka 1992 na kumkuta akiimba Kiingereza. Miaka ya mwisho, kabla hajafariki Desemba 2010, akaliacha dansi kabisa na kuimba injili. Baa zilizokuwa zikimpiga usiku hazikujua zimweke wapi.

Lakini ukitulia, Remmy alikuwa mhubiri muda wote. "Kifo" ni mahubiri. Nyimbo zake za umaskini ni mahubiri yaliyowekewa gitaa. Alipoingia kanisani hakuanza kazi mpya, alihamishia ile ile mahali pengine. Katika albamu iliyokuudhi tafuta kile ambacho mwimbaji hajakibadilisha, kwa maana kipo. Kwa Fally ni namna anavyovuta neno mwishoni mwa mstari, akiliachia taratibu kana kwamba hataki liondoke. Yumo hivyo katika Droit Chemin, yumo hivyo katika Tokooos, kwa Kilingala na kwa Kifaransa. Ukishakipata kitu hicho, kishike. Mengine utayasikiliza kupitia hicho.

Ifungie kabatini albamu ya zamani

Kwa mwezi mmoja usiisikilize. Najua ni adhabu. Lakini ukiiweka ya zamani na mpya pamoja, ushindani hauna haki hata kidogo. Ya zamani imeshapitiwa na miaka. Nyimbo zake dhaifu umezisahau, zimebaki zile nne tano ulizochezea harusi ya dada yako na ulizosikiliza ulipopata kazi ya kwanza. Hii mpya haijawahi kukuona ukifurahi. Haina harusi yoyote ndani yake.

Fally alizaliwa Desemba 1977. Alipotoa Droit Chemin alikuwa na miaka 28. Alipotoa Tokooos alikuwa na 39. Wewe nawe umeongeza miaka ileile, umebadilisha kazi, labda umeoa au umeolewa, umebadilisha hata timu ya kushabikia huko Ulaya. Kumtaka yeye peke yake abaki na miaka 28 ili sisi tusihisi wakati unapita ni kumwonea. Na angekubali, akatuletea Droit Chemin ya pili, sisi haohao tungesema anajirudia, hana jipya. Nimeyasikia maneno hayo yakisemwa juu ya wanamuziki waliobaki palepale, na yanatoka kwenye midomo ileile.

Tafuta ukumbi

Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Tafuta wimbo huohuo ukipigwa jukwaani na bendi nzima.

Wanamuziki wa Kongo hawajawahi kuuchukulia wimbo uliorekodiwa kuwa umekamilika. Kwenye diski ni dakika tatu, jukwaani bendi inaufungua, mpiga solo anapewa nafasi, atalaku anaingia, wachezaji wanapanga mstari, na wimbo uliokuwa mfupi na wa adabu unafika mahali ambapo hukuwa unajua ulikuwa unaelekea. Ile chemko uliyoilalamikia kwenye karatasi asubuhi ya kwanza unaikuta huko. Prodyuza wa Paris alikupa beti, chemko ikaachiwa bendi.

Hapo ndipo mambo yanaporudi yalivyokuwa enzi za dansi la Dar, wimbo ukizoeleka kwa miguu kabla ya masikio. Kama huwezi kufika kwenye onyesho, video ya onyesho inatosha kwa kuanzia, mradi uitazame kwenye spika nzuri na si kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji. Ukishaucheza wimbo, ukirudi kwenye toleo la studio unausikia mzima. Zile sekunde ambazo zilionekana tupu unazijazia mwenyewe, kwa kuwa sasa unajua gitaa lingeingia wapi.

Kisha angalia alichofanya baadaye. Mwaka uliofuata, 2018, Fally alitoa Control, na rumba ilikuwa imerudi kwenye kiti chake. Mwaka 2020 akaja na Tokooos II, na mwaka 2022 Formule 7, rumba tena. Tulioomboleza mwaka 2017 tulidhani ameondoka moja kwa moja, kumbe ni mtu anayekwenda na kurudi, kama Wemba alivyokuwa na bendi zake mbili.

Ikishindikana

Inawezekana umefanya yote haya na bado albamu haijakuingia. Umeiacha ipumzike, umeisikia kwa kinyozi, umeitazama jukwaani, na moyo umebaki vilevile. Hapo una haki kamili ya kusema albamu ni dhaifu. Zipo. Waimbaji wakubwa huchoka, huharakishwa na mikataba, hudanganywa na wanaowasifia. Mwongozo huu hauwezi kumlazimisha mtu apende, na shabiki anayesifia kila kitu hana msaada kwa mwimbaji wake.

Lakini ukisema, sema kwa kutaja. Sema wimbo gani na sehemu gani. Chukua nyimbo mbili au tatu zilizokubaki uzihifadhi, kwa sababu hata albamu dhaifu ya mtu mwenye kipaji huacha kitu. Usimtukane. Usimwambie arudi kwa bosi wake wa zamani. Na usiitangazie dunia kwamba umeacha kumpenda, kwa kuwa akitoa nyingine utakesha tena kusubiri saa sita usiku, na wote tunajua hivyo.

Hukumu yangu kuhusu Tokooos ni hii: ni albamu nzuri yenye nyimbo chache za kuruka, na "Eloko Oyo" peke yake ingetosha kuilipia. Emotion ya Papa Wemba ni zaidi ya nzuri. Kama hujawahi kuipa nafasi, ipe usiku wa leo, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Na mwimbaji wako akija mjini kwenu, nunua tiketi mapema na ufike kabla bendi haijapanda.